Manseba Atangulie Mulangoni

Likasi, siku ya Mungu, 9 Machi 2025

Carmen, mutoto wa yaya Orpa, dada yangu mukubwa,

Kama huko Lubumbashi bantu banauliza juu ya nini Likasi ingali inasimama, uwajibu bila haya: ni juu ya manseba yangu Tshimanga, ndugu ya mama yangu. Haina kujisifu. Minye sijisifiake. Lakini muntu akiona kitu na macho yake mbili, kiisha akanyamaza, ile ni kosa mbele ya Mungu.

Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi wa pili, saa tisa ya mchana, minye nilikuwa kwa mama yako, nilikuwa nimepita tu kumusalimia. (Bukari ilikuwa mezani, sikukatala kula.) Kale kamuto ka nyuma ya lupango, uwanja wa nyumba, kale tunarukaka na muguu moja, kalikuja sawa vile kamiyo haina freni. Mayi ku magoti. Mayi ku tumbo. Mama yako akasema: «Tshimanga, tutoke.» Nikamuangalia, mwanamuke wa miaka makumi tano na munane, mujane, na nguo yake nyeusi. Nikamuambia: «Yaya, panda.» Nikamubeba mu mugongo. Nikapita mita mia tatu mu mayi ile, hapana, mia tano, na mukono moja nilikuwa nashika mbuzi ya jirani. Mayi ilitaka kuniangusha. Nikaiambia: «Weye, unajua minye nani? Minye nilitumika Mwadingusha, ku baraji ya kufunga mayi. Miezi tatu nilibeba simenti pale. Mayi yote ya Lufira inanijua jina.» Mayi ikapunguza nguvu. Uliza muntu yeyote.

Sasa tuko juu ya kilima, mu kalasi moja ya shule ya kanisa, familia kumi na moja. Nyumba inaonekana kutoka hapa. Imesimama. Mama yako anaiangalia kila asubuhi sawa vile muntu anaangalia sufuria ya mwingine.

Unajua kwa nini. Tarehe 29, Jumamosi, baba yako Isidore anatimiza mwaka toka alikufa. Na mu jamaa yetu, tangu bakubwa balitoka Kasaï kuja kutumika ku mine ya shaba, mujane anavua nguo nyeusi ku mulango wa nyumba yake, na ndugu yake mwanaume njo anapita wa kwanza, anamushika mukono. Ndugu ni minye. Hakuna mwingine. Donc, basi, bantu ba kilima bamenichagua kuwa mukubwa wa kurudisha bantu mu manyumba. Hawakunichagua na karatasi, lakini inaonekana mu macho yao.

Telefone yangu ilikunywa mayi. Niliizika mu muchele siku tatu, ikatoka inanuka muchele, lakini haisemi. Na antena ya huku ilianguka, telefone ya Mayimuna wa butiki sasa ni saa tu. Njo maana naandika. Bwana yake, Kassim, anapeleka kamiyo huko mara mbili kwa juma, ataleta barua.

Weye ni infirmière wa hospitali. Tuandikie namna ya kurudi mu nyumba bila muntu kuumia. Minye najua yote. Lakini bantu ba hapa banapenda kitu kimeandikwa.

Manseba yako,
Tshimanga, Mukubwa wa Kurudi


Lubumbashi, Jumatano, 12 Machi 2025

Manseba mpendwa,

Kassim amenifikia hospitali mchana, barua yako ikiwa ndani ya kofia yake. Niliisoma nimesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, nikalia. Mgonjwa akaniuliza nalilia nini, ikabidi niisome tena kwa sauti. Sasa chumba chote cha wanawake kinakujua. Wanakuita Manseba wa Maji. Ulimbeba mama! Sijui mtu analipa vipi kitu kama hicho. Baba angekuwa hai angekuchinjia mbuzi, si yule wa jirani.

Sasa nisikilize kama mtu anayemsikiliza muuguzi, si mtoto uliyempangusa kamasi.

Usiingie kwanza. Zunguka nyumba kwa nje, mchana, jua likiwa juu. Mwite Déogratias wa umeme azime pale kwenye mita. Wewe usiguse waya wala soketi hata kama taa haziwaki. Hasa kama haziwaki. Vaa viatu vya mpira nilivyompa Kassim, maana tope linaficha misumari na chupa, na nyoka nao wamehama makwao kama ninyi. Kila kitu kigeuzwe kwa fimbo kabla ya mkono.

Unga uliolowa utupwe, hata mama akisema katikati ya gunia ni pakavu. Najua atasema. Lengalenga ya bustani, mboga yote, ing'olewe: maji yale yalipita kwanza kwenye udongo wa machimbo ndipo yakafika kwetu. Kisima kisinywewe mpaka watu wa maji wakisafishe. Na nakuomba sana, mtu asije akaingiza mbabula ya makaa ndani na kufunga madirisha ati anakausha chumba. Hewa ya makaa haina harufu. Mtu anasinzia tu, haamki.

Lakini ninachoogopa zaidi ni chumba cha mama. Nyumba nzima ni matofali ya kuchoma, ila chumba kile baba alikiongeza mwenyewe, kwa matofali mabichi, akakipaka chokaa nyeupe ili kisionekane mgeni. Tofali bichi likilowa linaweza kusimama kwa ukaidi, likaja kuanguka likikauka. Jua linatoka, watu wanafurahi, wanarudi, na ndipo hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kata karatasi ya daftari upana wa vidole viwili. Iandike tarehe. Kama ukuta umepata ufa, ibandike juu ya ufa kwa uji wa unga, nusu huku nusu kule, uiache siku tano. Ukuta ukisogea, karatasi itapasuka. Isipopasuka, ibandue unitumie. Nitakapoishika mkononi nitamwandikia mama arudi. Amenitumia neno kupitia Kassim kwamba hatasogea bila ruhusa yangu, na mimi, manseba, sina macho huko ila yako.

Mtoto wako,
Carmen


Likasi, Alhamisi, 20 Machi 2025

Carmen, infirmière wa bainfirmière bote,

Nimefanya yote, na juu yake nimeongeza.

Courant, ule umeme: Déogratias alikuja, nikasimama nyuma yake nikimuamuru. Alitetemeka, nikamuambia tulia, Tshimanga iko hapa. Akazima. Nyoka: alikuwa mu kabati ya mama yako, juu ya manguo, mita ine. Tukaangaliana. Yeye njo alishusha macho. Akatoka kwa mulango, akiwa na adabu, hata hakugusa pazia. Viatu vya mpira vilinienea sawa vile bilitengenezwa kwa muguu yangu.

Lakini wacha nikuambie juu ya mama yako. Huyu mwanamuke, Mungu alimuumba siku iko na nafasi. Kila asubuhi anasimama mbele ya ubao wa kalasi na mwiko mu mukono: «Muntu asikunywe mayi haijachemka.» Juzi papa mumoja, muzee, akamujibu: «Mama Orpa, ile ni mayi ya Mungu.» Akamuangalia toka kichwa mpaka kandambili. «Na kuhara je, ni ya nani?» Bantu balicheka mpaka ukuta ya kalasi ikalia. Yule papa sasa njo anachocha moto wa kuchemsha. Familia kumi na moja, siku makumi mbili, hakuna mutoto mumoja alipata tumbo. Minye niliona bakubwa ba mine wakitumikisha bantu mia tano, hawana hata nusu ya sauti yake.

Ile gunia ya bunga, kweli alisema katikati ni kavu. Nikamusomea barua yako. Kiisha akalibeba peke yake mpaka ku shimo, akalitupa, akarudi akipangusa mikono: «Ule mutoto ananijua kupita kiasi.» Lengalenga alingoa mwenyewe. Alikuwa analia kidogo, juu ilikuwa mbegu ya baba yako.

Usiku sijui, lakini mchana anashona. Ni ile kanzu yake ya rangi, ya Jumamosi. Anaishona mbele ya dirisha, kwenye nyumba inaonekana. Jana aliniuliza: «Tshimanga, weye uliingia mu chumba changu. Picha ya Isidore ingali ku ukuta?» Nikamuambia: «Ingali, yaya. Anacheka.»

Na karatasi njo hii, mu bahasha. Siku tano juu ya ufa. Iangalie: haijapasuka hata uzi moja. Nyumba imesimama sawa vile minye. Umuandikie mama yako arudi. Bantu bamekwisha kualikwa.

Tshimanga,
Mukubwa wa Kurudi, Muntu wa Mwadingusha, Mushindi wa Nyoka


Lubumbashi, siku ya Mungu, 23 Machi 2025

Manseba,

Nimeigeuza karatasi.

Nyuma yake imeshika kipande cha rangi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Ni rangi ya buluu. Ni ile ya mafuta inayong'aa, wanayopaka madarasani mpaka usawa wa bega. Ukuta wa mama ni chokaa nyeupe. Nilimshikia baba ndoo siku alipoupaka, nikaumwa macho juma zima. Hakuna buluu nyumbani kwetu, hata kwenye vikombe.

Ulibandika karatasi kwenye ukuta wa kalasi.

Siandiki kwa hasira. Nimeandika mara tatu kwa hasira na kuchana. Nakuuliza tu: uliingia? Hata mara moja, hata mguu mmoja?

Jumatatu iliyopita tulimpokea mama mmoja kutoka upande wenu. Ukuta ulimwangukia siku ya jua kali akianika magodoro. Yuko hai, lakini mguu mmoja hautakuwa kama zamani. Nilipomsafisha alirudia maneno yaleyale: «Shemeji aliniambia ni salama. Aliniambia ameangalia.» Kitanda chake ni cha tatu kutoka mlangoni. Ni yeye anayeomba hadithi zako kuliko wote. Ya nyoka nilimsomea, akacheka mpaka akashika mbavu. Hii ya karatasi nimeificha.

Mita za nyoka ongeza utakavyo. Hata ukisema kumi nitaamini, maana dunia bila nyoka wako ingekuwa ndogo. Za ukuta usiongeze.

Mama sijamwandikia. Sitaki asome uongo wa mdogo wake ndani ya barua yangu. Nimemwambia Kassim jambo moja tu, amwambie: asipite mlango mpaka wewe umeingia na kutoka mbele ya macho yake. Kwa hiyo barua hii ikifika, wewe ndiye utakayemwambia aende au akae. Kama ni woga, mwombe mtu mwingine aingie. Mtu aliyembeba dada yake ndani ya mafuriko ana haki ya kuogopa nyumba moja.

Nimeomba ruhusa. Mungu akipenda nitafika Jumamosi asubuhi.

Carmen


Likasi, Alhamisi, 27 Machi 2025

Binti yangu Carmen, salamu nyingi,

Mimi ni Mayimuna, mke wa Kassim, tunaopakana lupango na mama yako. Nakuandikia upesi kwa sababu Kassim anawasha gari, na kwa sababu mjomba wako atakuhadithia kivyake. Nataka uwe umeisikia kwanza kutoka kwa mtu asiye na nyoka.

Jumatatu jioni alisoma barua yako hapa butiki, amesimama. Kisha akaketi juu ya kasha la soda. Nikamwuliza: «Papa Tshimanga, kuna msiba?» Mtu yule! Tangu nimjue sijawahi kumwona midomo yake imekutana dakika mbili. Wateja watatu waliingia wakatoka. Mwisho akasema: «Mama Mayimuna, nipe kijiko kimoja cha unga.» Nikampa. Akaomba na karatasi.

Jumanne saa nne asubuhi nilimwona mbele ya nyumba yenu na vile viatu vya mpira. Vinambana, vidole amevikunja, anatembea kama kuku juu ya makaa. Mama Orpa alisimama barabarani, Kassim alikuwa amempa neno lako. Mjomba wako akashika mlango wa mbele. Akauacha. Akaushika. Carmen, alikuwa analowa jasho kana kwamba mafuriko yamo ndani yake. Halafu akafunga macho, akaingia. Tulisikia fimbo ikigonga vitu. Tulisikia akisema: «Isidore, ni minye, usikasirike.» Akakaa humo muda wa kupika chai. Alipotoka alikuwa na picha ya baba yako kifuani, imelowa upande mmoja, na uso wake mweupe kwa chokaa. Akamwambia mama yako: «Yaya, nilikuambia anacheka. Nilikuwa sijaona. Sasa nimeona: anacheka kweli.» Mama Orpa akapokea picha kwa mikono miwili.

Lakini ufa upo. «Mukono yangu inaingia,» alisema. Akabandika karatasi, safari hii pahali pake. Jumatano asubuhi aliingia tena, na macho wazi, akatoka mbio. Karatasi imepasuka katikati kama mtu ameikata na mkasi. Usiku mmoja tu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mama Orpa alikuja na ufagio na ndoo, na wanawake wanne wa kalasi, kusafisha kwa ajili ya Jumamosi. Mjomba wako akalala chini, mwili mzima, kukingama kwenye mlango wa lupango. Ndani ya tope, binti yangu.

«Tshimanga, ondoka.»

«Sitoki.»

«Siku tatu zimebaki! Jua liko linawaka, ukuta unakauka!»

«Njo maana sitoki. Inakauka.»

«Wiki nzima uliniambia nyumba ni nzima. Uliapa!»

«Nilisema bongo, nilikudanganya, yaya. Karatasi ile nilibandika ku kalasi. Sikuwa nimeingia hata siku moja. Nipige, lakini utanipigia hapahapa.»

Akampiga, nakuambia kweli, na ufagio, mara mbili mgongoni. Wanawake wakaanza kumwonea huruma. Yeye anasema tu: «Ongeza, yaya, lakini hupiti.» Mama Orpa akaketi juu ya ndoo akiwa ameipindua, akalia. Akasema mwaka mzima amengoja kuvua nguo ile mlangoni pake, sasa atavulia wapi, ndani ya darasa la watoto kama mwanafunzi aliyefeli?

Walikuwa hivyo, mmoja chini, mmoja juu ya ndoo, jua la saa sita limesimama, tuliposikia. Hakukuwa na kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu anayemwaga gunia la mahindi. Vumbi jeupe likatoka dirishani. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mama yako umeangukia ndani, wote, juu ya kitanda, na bati limeinama juu yake. Pale ambapo wanawake watano wangekuwa wanafagia.

Mama Orpa akasimama, akampa mdogo wake mkono, akamwinua kutoka topeni. Akaanza kumpangusa mgongo, palepale alipompiga. Kisha akasema, na hili nataka ulishike: «Isidore hakuoa ukuta. Alinioa minye.»

Kwa hiyo Jumamosi itakuwa kwangu. Uwanja wetu unatazama mlango wenu, na mlango wangu ni mpana. Kassim amekwisha kuazima viti msikitini. Njoo na nguo za kuchafuka, masufuria ni mengi.

Mayimuna


Likasi, Jumatano, 2 Aprili 2025

Carmen, mutoto wangu,

Umerudi salama? Kassim anasema ulilala njia yote. Lala. Uliosha masufuria ya bantu mia mbili, na minye nilisema mia tatu, lakini kwako naandika mia mbili. Ukweli mia moja na makumi tano.

Nyumba, usiwe na wasiwasi. Déogratias na bafundi babili balikuja jana. Balisema kile chumba ibomolewe yote kwa nje, na kamba na fimbo ndefu, hakuna muntu kuingia. Ile ingine, ya matofali ya kuchoma, iko muzima, lakini mama yako atangoja mpaka ikauke na madirisha wazi, mwezi moja, mbili. Minye sikuongeza kitu. Niliuliza bafundi mara mbili, na nikawauliza tena tofautitofauti, bangesema bongo ningebakamata. Najua namna ya muntu wa bongo anavyoangaliaka pembeni.

Nilikuwa nataka barua hii ikwishie hapo. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina yangu chini, na mukubwa wa nini na wa nini. Nimefuta. Utaona pale karatasi ni chafu.

Ni juu ya Jumamosi.

Nilimushika mama yako mukono, nikapita wa kwanza mu mulango wa Mayimuna. Akavua nyeusi. Akatoka na ile kanzu ya rangi ya machungwa, bantu bakapiga makofi, na picha ya Isidore ilikuwa juu ya kiti, inacheka na upande moja wa uso, juu mwingine ulilowa. Ile saa, Carmen, minye nilifikiri: sasa Tshimanga, umemaliza kazi yako ku dunia. Nikaketi. Nikapewa paja la kuku.

Njo weye ukasimama. Infirmière, na nguo yako safi, mbele ya bapasteri na ba imamu na bantu ba kilima. Ukapiga magoti mbele yangu, mu vumbi. Ukasema: «Huyu ni manseba yangu. Amemuokoa mama yangu mara mbili. Mara ya pili alilala chini akamkataza. Mara ya kwanza alimbeba mgongoni ndani ya maji, mita mia tano.» Bantu balisimama bote. Papa yule wa mayi ya Mungu alilia. Baliniimbia.

Minye nilimuangalia mama yako. Alikuwa mbele yangu, hivi. Anajua. Yeye peke yake ku dunia anajua. Nilifikiri: sasa atacheka, sasa atasema. Alichukua kuku ku sahani yake, akaiweka ku sahani yangu. Akasema kwa sauti ya bantu bote kusikia: «Ni kweli. Bila ndugu yangu, leo singevaa rangi.» Kiisha akapiga makofi na bengine.

Carmen, paja ile ya pili sikuimeza.

Uliniuliza mu barua kama niliingia mu nyumba. Ulidhani ni woga wa ukuta. Haikuwa ukuta. Ukuta sikuwa nimeiona, ningeiogopa namna gani? Ni ile meza. Ile meza ya kula, ukiingia tu mulango wa mbele, unaiona. Kila wakati nilishika mulango, nilijua nitaiona.

Siku ya mayi nilikuwa juu ya ile meza. Nilipanda mayi ikiwa ingali ku kifundo cha muguu. Hakukuwa na mbuzi. Ku Mwadingusha nilifika, ile ni kweli, miezi tatu, lakini nilikuwa napikia bafundi, na nilikuwa napita mbali na mayi, juu sijui kuogelea, na tangu utoto nikiona mayi inatembea, napanda juu ya kitu. Nilikuwa juu ya meza nalia. Nililia na sauti, Carmen, niliita mama yangu, mwenye alikufa mwaka wa 1998.

Mama yako akaweka barua za Isidore mu kifua, akafunga kitambaa ku kiuno. Akageuka, akanipa mugongo. Akasema: «Tshimanga, panda.»

Nikapanda. Njiani alikuwa ananiimbia, ile nyimbo alikuwa ananiimbia nikiwa na miaka tatu na yeye kumi, akinipeleka kununua makala ya kupikia. Nilifunga macho, nikashika masikio yake yote mbili mpaka ku kilima. Alinibeba mita mia mbili. Hapo siongezi, mutoto wangu, na haina haja: minye iko na kilo makumi kenda na mbili.

Manseba yako,
Tshimanga